Mito Mingapi?

Itangazwe, na mwenye kofia aivue, kwamba katika kisiwa cha Motulahi, ndani ya ufalme wa Tonga, yupo bingwa mmoja aliyewalaza watu usingizi kuliko wachungaji wote wa kisiwa wakiwekwa pamoja, na wachungaji wa Motulahi katika fani hiyo si watu wa mchezo. Amewalaza wazee, amewalaza wajawazito, amemlaza askari wa zamu na mwimbaji mmoja wa besi ambaye ilibidi aongezewe dozi. Tofauti yake na wachungaji ni kwamba yeye huwaamsha. Jina lake ni Lopeti, afisa wa nusu kaputi katika hospitali ndogo ya kisiwa, na ufalme haujamchongea sanamu kwa sababu ambazo hazijatangazwa.

Kisiwa chenyewe hakimwiti Lopeti. Kinamwita Mito.

Jina hilo alijitafutia. Kabla hajamgusa mgonjwa alikuwa na maswali matatu: Umekula saa ngapi? Una meno ya bandia? Unalalia mito mingapi? Mawili ya kwanza watu waliyajibu kama watu wazima. La tatu lilipelekwa moja kwa moja kwenye duara la kava, ambako wanaume hukaa kunywa yale maji ya rangi ya dimbwi mpaka midomo ife ganzi na ulimi upate uhuru.

"Mito, habari za mashuka?"

"Mito, mimi nalalia mmoja, mke wangu ananilalia mimi. Nitapona?"

Lopeti aliendelea kunywa. Alikuwa ameshawaeleza mara nyingi, wakacheka mara nyingi. Moyo uliochoka hausukumi damu inavyotakiwa. Mwenye moyo huo akilala chali, maji yanapanda mapafuni na pumzi inamkata, kwa hiyo anaongeza mto, kisha mwingine, mpaka analala kama mtu aliyesinzia kwenye kiti. Mwenyewe hajui kwamba anaumwa. Anadhani mito ya siku hizi imekuwa myembamba.

Na hapa inabidi tuwe wazito kidogo, tukiwaachia wasomi maneno yao marefu. Mvuke wa usingizi, ule unaoitwa halotheni, wenye harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi, hauendi kichwani peke yake. Mtu anauvuta, unaingia kwenye damu, na damu inaupeleka kote, na moyoni ni kati ya mahali pa mwanzo. Sasa moyo ni msuli. Katika kila pigo chembe za kalsiamu huingia ndani ya msuli ule na kuuambia: kaza! Mvuke unasimama mlangoni na kuwazuia wajumbe hao. Moyo hausimami. Unaendelea kupiga, ila unakaza kivivu, kama mkono wa mchungaji anayekusalimia huku macho yake yako kwa tajiri aliye nyuma yako. Mwenye moyo mzima anavumilia salamu hiyo na kuamka akidai chakula. Mwenye moyo uliolegea toka nyumbani huenda asiamke kudai chochote.

Ndiyo maana ya mito. Lopeti aliuliza kila mtu, mkubwa kwa mdogo, bila aibu. Kila mtu, isipokuwa mmoja.

Meliame alikuwa dada yake, baba mmoja mama mmoja. Sauti ya Lopeti ilipoanza kukwaruza alihamishiwa kibanda cha wavulana uani, kama mila inavyowataka wavulana wote wenye dada, na toka siku hiyo hakukaa tena chumba kimoja na dada yake. Hakutazama naye televisheni. Hakutamka mbele yake neno lolote linalohusu mwili, kuanzia kwapa. Meliame alipoolewa, Lopeti alibeba nguruwe. Alipozaa, Lopeti alibeba nguruwe mwingine, akamwacha mlangoni na kuondoka haraka kama mwizi aliyekosea akarudisha. Hakuwa na ugomvi naye. Alimheshimu tu, na angekufa kwa ajili yake bila kujua kama anapenda chai na sukari. Kwa hiyo huyu mtu aliyejua mioyo ya nusu ya kisiwa, ule unaoruka mapigo, ule unaonguruma kama injini ya mtumbwi, hakujua lolote kuhusu moyo uliolelewa naye nyumba moja.

Jumapili ile Meliame aliletwa hospitali juu ya mkeka, kwenye gari la wazi, amejikunja na meno ameyauma. Nyuma ya gari walipanda binamu zake wanaume, watatu, wamevaa nguo za kanisani. Mbele, kando ya dereva, alikaa Shangazi Vika, dada wa baba yao, na huko Tonga ukisema shangazi umesema serikali.

Jumapili ufalme unafungwa. Hakuna duka, hakuna meli, hakuna ndege mpaka Jumatatu. Kuna kanisa, na kuna moshi wa vyakula vilivyofukiwa ardhini vikiwasubiri watoke kanisani. Daktari Hēnele, mpasuaji, mtu wa visiwa vya kaskazini, asiye na undugu na yeyote hapo, alitolewa ibadani bado amefunga mkeka wake wa heshima kiunoni. Alimpima Meliame, akatoka, akamvuta Lopeti pembeni.

"Hafiki kesho," alisema. "Kuna kitu kimejisokota. Kikipasuka tumempoteza."

"Kitu gani?"

"Cha tumboni."

"Tumboni sehemu gani?"

Hēnele alitazama dari. "Bwana Lopeti, usinilazimishe. Tumbo la wanawake. Ndani. Chini. Umeridhika?"

Lopeti akawa mwekundu mpaka masikioni. Katika hospitali nzima hakukuwa na mwingine wa kumlaza. Ni yeye, au hakuna.

Akaenda kwa Shangazi Vika, aliyekaa barazani na kipepeo chake cha ukili, akapiga magoti.

"Shangazi, iko njia salama. Sindano ya mgongoni. Anakufa ganzi chini, juu yuko macho."

"Mgongo wa nani?"

"Wa Meliame, Shangazi."

"Utauona?"

"Ndipo sindano inapoingia."

"Basi itafute pengine pa kuingia."

Wakafikia mapatano ambayo hayapo katika kitabu chochote cha tiba. Hēnele ndiye atachoma, Lopeti ataelekeza akiwa ameugeukia ukuta. "Panda kidogo. Umegusa mfupa? Rudi. Elekea kulia," Lopeti aliuambia ukuta, kama anayeelekeza lori lirudi nyuma wakati yeye mwenyewe amefumba macho. Meliame kwa maumivu hakuweza kutulia. Sindano iligonga mfupa, ikagonga tena, Meliame akatoa sauti ambayo kaka yake hakuwahi kuisikia, na Lopeti akasema, "Basi. Acha. Nusu kaputi."

Shangazi Vika alisimama. Binamu wakasimama pia, kwa sababu amesimama.

"Uso nimekupa ruhusa," alimwambia Lopeti. "Kuanzia kidevu kwenda chini, wewe kipofu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na umrudishe."

Hilo halikuwa ombi.

Yalibaki maswali matatu. Lopeti alisimama nje ya pazia, akamtuma Sista Fusi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mpana asiyeogopa mtu isipokuwa Mungu na Vika. Binamu watatu walikuwa wamejipanga dirishani, na kwa mila hao nao ni kaka zake Meliame, masikio yao yana haramu ileile.

"Muulize yale," Lopeti alisema.

"Yote?"

"Yale ya kawaida."

Fusi alimtazama, akawatazama binamu, akaingia. Akatoka. "Amekula jana jioni. Meno yote aliyopewa na Mungu."

Lopeti alisubiri. Fusi naye alisubiri. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema: na lile la tatu? Kaka mtu aulizie kitanda cha dada yake, jinsi anavyokilalia, mbele ya wanaume watatu na kwaya nzima ya kanisa lililo ng'ambo ya barabara? Alijiambia kwamba Meliame si mzee. Kwamba mapigo yanakwenda mbio kwa sababu ya maumivu. Alijiambia mengi kwa muda mfupi sana.

"Vizuri," akasema. "Tuingie."

Alimlaza vizuri, bila kelele, akapitisha mpira kwenye koo lake, akafungua mvuke. Fusi aliingiza mkono chini ya shuka na kubandika kifuani kile kidude cha kusikilizia, chenye bomba refu lililofika kwenye sikio la Lopeti. Ndivyo alivyopenda kufanya kazi: mkono mmoja unabana mfuko wa hewa, sikio moja liko moyoni. Mashine ya presha huongea kila baada ya muda. Sikio halina likizo.

Dum-ta. Dum-ta. Dum-ta. Ndiyo mara ya kwanza kumkaribia dada yake hivyo tangu utotoni, na macho yake hayakuruhusiwa kupita kidevu.

Ng'ambo ya barabara kwaya iliinuka. Kwaya za Tonga haziimbi, zinahamisha majengo. Besi walipita ukutani, wakapita kwenye bomba, wakakaa ndani ya sikio la Lopeti.

Hēnele alikata. Mkono wa Meliame ukatikisika, na chozi likamtoka pembeni ya jicho.

"Tumbo gumu kama ubao," Hēnele alinong'ona. "Bwana Lopeti, mgonjwa wako anaimba na kwaya."

Lopeti aliliona chozi. Kama angekuwa mgonjwa mwingine angeongeza kidogo, akangoja. Lakini lile lilikuwa chozi la dada yake, na wazo kwamba anasikia kisu lilimchoma kuliko kisu. Akazungusha kifundo cha mashine kinachoongeza mvuke. Akazungusha tena.

Tumbo likalainika. "Hapo sawa," alisema Hēnele. "Asante."

Dum-ta. Dum-ta. Sauti ilikuwa imefifia. Lopeti alibonyeza bomba sikioni. Besi hawa, aliwaza. Siku moja nitawalaza wote kwa pamoja.

Presha ilishuka. Kushuka kidogo ni kawaida, akafungua dripu ikimbie. Ikashuka tena.

"Unapoteza damu huko?"

"Kidogo. Si nyingi. Ngoja nipate kona."

"Si nyingi kiasi gani?"

"Bwana, nikiona nyingi nitakwambia!"

Akafungua dripu mpaka mwisho. Presha ikashuka kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka, mwenye uhakika anakokwenda. Mfuko wa hewa ukawa mzito mkononi. Mapafu yalikuwa yanagoma kupokea. Ng'ambo ya barabara mchungaji akasema, tuombe, na kwaya nzima ikakatika kwa mpigo mmoja.

Katika kimya kile Lopeti alisikia moyo wa dada yake kwa mara ya kwanza bila besi. Ulikuwa unapiga haraka, haukukosea mdundo, lakini ile *dum* haikuwepo. Ilibaki *ta*, nyembamba, kama kidole kinagonga mlango wa mtu ambaye kinajua hayupo.

Mambo mawili, na ni moja tu la kweli. Ama damu inavuja mahali Hēnele hapaoni, na dawa yake ni maji, maji mengi, sasa hivi. Ama moyo huu ulikuwa umelegea toka nyumbani, mvuke umeulegeza zaidi, na kila tone la maji analolimimina linakwenda mapafuni kumzamisha. Akikosea upande huu anakufa. Akikosea upande ule anakufa. Na lipo swali moja, moja tu, ambalo lingemwambia upande.

"Fusi," alisema. "Mito mingapi?"

Fusi, mikono imejaa vyuma, alitikisa kichwa. "Sikumuuliza."

"Najua hukumuuliza. Unajua?"

"Alijifungulia mjini yule mtoto wa mwisho. Alirudi na mtoto na vidonge. Vidonge vya nini, sijui. Anayejua ni…" Akaelekeza mlango kwa kidevu.

Mlango ulikuwa mbali, na mfuko wa hewa haukuweza kuachwa. Nje Shangazi Vika, nje binamu, na ng'ambo ya barabara waumini wote wa kisiwa wameinamisha vichwa katika kimya kitakatifu.

Lopeti aliugeukia mlango. "Shangazi!" alipaza sauti. "Meliame analalia mito mingapi?"

Barazani kipepeo cha Shangazi kilisimama. Binamu mmoja alisikika akiondoka, viatu vyake vya kanisani vikikimbia juu ya changarawe.

"Lopeti," ilikuja sauti ya Vika, taratibu, ya kutisha. "Umesema nini?"

"Kitandani, Shangazi! Mito! Nijibu, moyo wake unasimama!"

Hēnele aliacha kufanya kazi. Hata yeye, mtu wa kaskazini, alikodolea macho sakafu.

Halafu Shangazi Vika alijibu, na hakunong'ona, kwa sababu kama aibu imekwisha kumwagika hakuna maana ya kuichota kwa kijiko.

"Minne! Toka yule mtoto wa mwisho! Siku nyingine analala amekaa! Mjini walisema moyo umepanuka, wakampa vidonge, akapata nafuu akaviacha! Habari ya uzazi, ningekwambiaje wewe?"

Lopeti hakungoja mwisho wa sentensi. Alikifunga kifundo cha mvuke mpaka mwisho. Akaifunga dripu. "Oksijeni tupu. Fusi, adrenalini, ile niliyoizimua, kidogo sana. Kidogo! Halafu ketamini, ile ya usingizi isiyolegeza moyo, robo ya kawaida. Daktari, usimguse."

"Nimeshika mshipa."

"Basi ushike. Usiuvute. Ukiuvuta ataamka au atakufa, na sijui lipi litatangulia."

Sasa mvuke una tabia hii: umeingia kwa pumzi, unatoka kwa pumzi, na hauharakishwi na mtu. Lopeti alibana mfuko. Akaachia. Kila pumzi ilitoka na kidogo. Akabana. Hēnele alisimama kama picha, vidole ndani ya tumbo la mtu. Ng'ambo ya barabara sala iliendelea, ndefu, ikiwaombea mabaharia, na mfalme, na mvua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Lopeti aliomba sala iendelee, maana ikiisha besi watarudi.

Ta. Ta. Ta.

"Mito," Fusi alinong'ona. "Midomo yake inageuka buluu."

"Naiona. Uso nimepewa ruhusa."

Ta. Ta.

Akabana. Akaachia. Akamwambia dada yake, kimoyomoyo, maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia kwa kinywa, na karibu yote yalikuwa kaza.

Ta. Dm-ta.

Akadhani ni besi. Lakini mchungaji alikuwa bado kwenye mvua.

Dm-ta. Dum-ta.

Mashine ya presha ikakoroma, ikafikiri, ikatoa namba. Haikuwa namba ya kujivunia, lakini ilikuwa inapanda. Mfuko ukawa mwepesi kidogo mkononi. Lopeti aligundua kwamba machozi yanamtiririka mpaka ndani ya barakoa, na kwamba Fusi anamfuta kwa kiwiko, kama anavyofutwa mtoto.

"Daktari," alisema. "Endelea. Pole pole. Sitamlaza zaidi ya hapa, kwa hiyo mikono yako iwe na adabu."

"Iko na adabu toka nizaliwe," alijibu Hēnele, akafunga mshipa, akakata kile kitu kilichojisokota, akakitumbukiza bakulini. Lopeti hakutazama. Kidevu kwenda chini, kipofu.

Ng'ambo ya barabara: Amina. Kwaya ikalipuka.

Mchana Meliame alifumbua macho, ameegemezwa kwenye mito minne. Yote ya hospitali ilikuwa mitatu. Wa nne ulikuwa mkeka wa kiunoni wa Daktari Hēnele, umekunjwa. Lopeti alikaa nje ya pazia, kisogo kimeelekea kitanda. Fusi alitoka akijizuia kucheka.

"Anauliza ni nani aliyetangazia kisiwa kizima mambo ya kitanda chake."

"Mwambie samahani."

Fusi akaingia, akatoka. "Anasema ungeuliza asubuhi, ungeuliza kwa sauti ndogo."

Jumatatu ndege ilimpeleka mjini, kwa madaktari wa moyo na vidonge vyake. Aliporudi, amepungua uvimbe, anatembea bila kuhema, Shangazi Vika aliamuru karamu ya shukrani. Nguruwe walichomwa, mafurushi ya majani na nyama na tui yalifukuliwa yakifuka moshi, viazi vikuu vikapangwa kama kuni. Meliame aliketi mahali pa juu kando ya Shangazi. Lopeti aliketi mwisho kabisa, karibu na mlango, ametazama nje, kama inavyopasa.

Binamu aliyekimbia kwenye changarawe ndiye aliyesimama kuhutubia. Alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda hotuba fupi.

"Ndugu zangu," alisema, "wapo wanaoinua mioyo yetu kwa wimbo. Wapo wanaoinua kwa neno. Lakini huyu! Huyu aliuchukua moyo wa dada yake mikononi, moyo uliokwisha kuaga, akapigana na mauti ana kwa ana, akauambia, piga! Nao ukapiga! Miaka mia watoto wetu watasimulia. Kaka Lopeti, simama. Simama uwaambie watu ulifanya nini."

Wanawake walikuwa wanalia. Hēnele alikuwa anasubiri. Meliame, kule juu, aliacha kutafuna.

Lopeti alisimama, kisogo kwa karamu, akajifuta mafuta ya nguruwe mkononi.

"Nilifunga mvuke," alisema. "Niliyeuzidisha ni mimi."

Akakaa.